Uliza Udongo Kwanza: Hotuba kwa Waendesha Baiskeli za Mlimani wa Mombasa, Masika Yakiingia

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuziacha baiskeli nje mkakubali kukaa chini kwa saa nzima. Kaskazi imetuaga, kusi inabisha hodi, na kila aliyemo humu anajua kinachofuata: masika, Machi hadi Mei, na hapa Mombasa Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Wengi wenu mmeshapanga kutoka kisiwani na kwenda kujaribu njia msizozijua, Kwale, Rabai, na bara zaidi ya Mazeras. Hatukuja kuwakataza. Njia ya mlimani wakati wa mvua ni tamu, hewa ni safi, vumbi hakuna. Lakini ina hesabu zake.

Mwenzako akikueleza njia mpya, atakwambia, "Ni kilomita thelathini tu." Kiangazi jibu hilo linatosha. Masika halikwambii kitu, kwa sababu kilomita kumi za kichanga kilicholowa unaweza kuzimaliza chini ya saa moja, na kilomita mbili za mfinyanzi zikakula asubuhi nzima ukiwa umebeba baiskeli begani. Kwa hiyo njia ngeni uiulize udongo wake kwanza, kisha maji yake, na urefu uje mwisho.

Tuanze na udongo, na hapa tutakaa kidogo.

Ukitoka baharini kwenda bara, unavuka mikanda mitatu ya ardhi. Wa kwanza ni wa matumbawe: kisiwa chenyewe, Nyali, Mtwapa, na kusini kuelekea Tiwi na Diani. Maji huzama upesi kwenye mwamba huu, kwa hiyo madimbwi hayakai sana. Shida yake ni mbili. Jiwe la matumbawe likilowa huota utando wa kijani, hasa penye kivuli cha miembe, nao huteleza kuliko sabuni. Tena kingo zake ni kali, na tairi ambalo upepo wake umepunguzwa hukatwa ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki vizuri.

Mkanda wa pili ndio wa kuogopwa. Ukishapita Changamwe kuelekea Miritini, chini yako kuna mwamba laini uliojipanga tabaka tabaka kama chapati, na mwamba huo ukioza huzaa mfinyanzi. Mfinyanzi mkavu ni njia nzuri ajabu, ngumu kama saruji. Ukinyeshewa, kwanza unateleza kwa juu tu huku chini bado ni pagumu. Mvua ikiendelea unageuka ulimbo, unashika tairi, unajizungusha, unajaza nafasi kati ya tairi na foki, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, na gurudumu linasimama kabisa. Hapo ndipo waendeshaji wengi hufanya kosa la bei ghali: husimama juu ya pedeli na kukanyaga kwa nguvu zote. Tope lenye majani limeshauzinga mkono wa gia wa nyuma, mnyororo unauvuta kwenda nyuma na juu, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoushikilia kwenye fremu kinakatika. Kipande hicho kimetengenezwa kiwe chepesi kuvunjika ili fremu isalimike. Kila fremu ina umbo lake la kipande hicho, na ukikikosa dukani, baiskeli inakaa ukutani kwa majuma. Nunua cha akiba leo, kabla ya mvua.

Mkanda wa tatu ni vilima vya mawe ya mchanga: Mazeras, Rabai, na upande wa kusini Kwale na Shimba. Udongo wake ni wa kichanga. Hapa masika ni rafiki, maana kichanga kikavu humeza magurudumu lakini kikilowa hujifunga na kuwa imara. Saa chache baada ya mvua kukatika unaweza kuendesha vizuri. Angalia mambo mawili: makorongo yaliyochimbwa na maji katikati ya njia, ambayo juma lililopita hayakuwapo, na mizizi ya mikorosho na miembe iliyovuliwa udongo ikabaki wazi. Kumbukeni pia kuwa hata kwenye vilima vya kichanga, bondeni maji hukusanya udongo mzito. Njia inayofuata mgongo wa kilima ni nafuu kuliko ile inayokata mabonde matano, hata kama ile ya mgongo ni ndefu maradufu.

Kama huna hakika umekanyaga nini, ardhi yenyewe itakujibu. Chukua donge la ukubwa wa kete, lilowanishe, ulikande mpaka liwe kama unga wa maandazi. Kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada, ukitengeneza utepe mwembamba unaoning'inia. Utepe ukikatika kabla ya kufika sentimita mbili na nusu, kichanga ni kingi, endelea. Ukifika kati ya mbili na nusu na tano, udongo ni mchanganyiko. Utapita kwa taabu. Ukizidi sentimita tano bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito. Kama mvua imenyesha usiku wa jana, geuza baiskeli hapo hapo, urudi baada ya siku mbili tatu za jua. Kipimo hicho kinachukua dakika moja. Fanyeni kwenye kilomita ya kwanza, wakati kurudi bado ni rahisi.

Sasa kuhusu kuuliza watu. Ramani za simu zinafaa, na zile za OpenStreetMap huonyesha vijia vingi vya huku kwetu. Zipakue nyumbani kabla hujatoka, maana mabondeni mtandao hukatika. Lakini mstari aliourekodi mtu Januari ni habari ya Januari. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na huo mstari ndio nyota ya mwenzio kabisa: kijito alichoruka kwa hatua moja, wewe Mei unakikuta kifuani.

Waulizeni wanaoitumia njia kila siku. Mgema anayepanda minazi alfajiri na magharibi anajua kila daraja la gogo. Akina mama wanaochota maji wanajua kina cha kijito kwa kipimo cha mwili. Kijana wa bodaboda anajua wapi pikipiki hukwama. Sema shikamoo, jitambulishe, usikimbilie swali. Na swali lenyewe lina namna yake. Ukiuliza, "Mzee, njia inapitika?", kwa ustaarabu wetu wa kutomkatisha tamaa mgeni utajibiwa, "Inapitika, mwanangu." Naye hasemi uongo, yeye anapita. Uliza hivi: "Maji ya pale mtoni leo yanafika wapi?" umwache aonyeshe kwenye mguu wake mwenyewe. Uliza, "Bodaboda ya mwisho imepita lini?" Uliza, "Mkitaka kwenda huko wakati wa mvua, nyinyi mnapitia wapi?" Swali hili la mwisho ndilo lenye thamani zaidi, kwa sababu vijiji vingi vina njia mbili, ya kiangazi na ya masika, na ramani haijui tofauti.

Kuna mahali pasipo pa kupita hata pakiwa pakavu. Kaya za Wamijikenda ni misitu mitakatifu, na tangu mwaka 2008 baadhi yake zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kijia kinachoingia kaya si kijia cha baiskeli. Mwenye haja ya kuingia huanza kwa wazee wa kaya. Na upande wa Kwale, kati ya Hifadhi ya Shimba Hills na Mwaluganje kuna ndovu, nao masika hutembea pia. Kinyesi kinachofuka mvuke, matawi mabichi yaliyovunjwa, alama ya mguu ambayo maji hayajaijaza: hapo shukeni, nyamazeni, mrudi mlikotoka. Mvua hufunika sauti ya baiskeli na ya ndovu pia, mkakutana ghafla kwenye kona.

Tuje kwenye chombo chenyewe, na nitaanza na matairi, kwa kuwa ndiyo yanayogusa ardhi.

Baiskeli nyingi za mlimani tunazonunua hapa ni za mitumba, na matairi yake yamekaa miaka. Likunje tairi kwa dole gumba: ukiona nyufa ndogo ndogo kama za kisigino kikavu, mpira umekufa, na mpira uliokufa hauna mshiko kwenye jiwe lililolowa hata meno yake yakiwa marefu. Kwa matope tafuta meno marefu yaliyoachana, upana wa inchi 2.1 hadi 2.3. Tairi pana sana linapendeza, lakini linakula nafasi ya foki na tope hujaa haraka. Pima: kama kidole chako kidogo hakipiti kati ya tairi na fremu, baiskeli hiyo itakwama kwenye mfinyanzi.

Upepo. Kwa mwendeshaji wa kilo 70 kwenye tairi la inchi 2.25 hadi 2.35, lisilo na tyubu, anza na psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 21 mbele na 24 nyuma. Mwenye tyubu aweke 26 mbele na 29 nyuma. Kila kilo tano ukizidi au ukipungua, ongeza au punguza kama psi moja. Mwenye tyubu asishuke zaidi kwa tamaa ya mshiko: gurudumu likigonga ukingo wa mzizi, tyubu hubanwa kati ya rimu na tairi ikatoka matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Na msitegemee mashine ya upepo ya kituo cha mafuta kwa vipimo vidogo hivi. Pima kwa geji ya baiskeli, halafu bonyeza tairi kwa gumba mpaka mkono ujue. Porini huo mkono ndio geji yenu. Wanaotumia maji ya kuziba matundu waweke mililita 60 hadi 90 kila tairi, na waangalie kila baada ya miezi miwili, kwa sababu joto letu huyakausha mapema.

Bebeni tyubu mbili, hata nyinyi msiotumia tyubu. Kiraka kwenye mvua hakishiki. Sulushani, ile gundi ya kiraka, inataka mpira mkavu uliokwanguliwa kwa msasa, ipakwe nyembamba, isubiri dakika tano mpaka ipoteze mng'ao, ndipo kiraka kikandamizwe. Tone moja la mvua likiingia katikati, kazi bure. Badilisha tyubu porini, kiraka ni kazi ya barazani. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi, usipitishe kidole. Miiba ya migunga ya upande wa Mariakani husubiri mle ndani.

Breki. Kichanga kilicholowa ni msasa, na pedi laini za utomvu zinaweza kumalizika kwa siku moja ya mteremko. Pedi za madini zinapiga kelele, lakini hudumu. Tazama unene wa ile sehemu inayosuguana: ukifika nusu milimita, badilisha, na kwa safari ya njia ngeni usitoke nyumbani na chini ya milimita moja na nusu. Mwenye breki za rimu ajue kwamba mizunguko ya kwanza ya gurudumu hupangusa maji tu, breki yenyewe inakuja baadaye. Lazima aanze kufunga mapema, tena kwa kugusa kidogo kidogo.

Mnyororo upimeni kwa rula ya kawaida. Hesabu urefu wa inchi 12 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Mpya huwa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, umechoka, na kwenye matope utaruka meno unapopanda. Mafuta yawe yale mazito ya mvua: tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedeli kinyume kwa dakika, halafu futa nje kwa kitambaa mpaka mkono usichafuke. Mafuta ya nje hayalainishi chochote, yanavuta mchanga tu.

Mengine kwenye mkoba ni haya: spana za L za milimita 4, 5 na 6, kifaa cha kukatia mnyororo pamoja na kwiki linki, kiungo cha kuunganishia mnyororo uliokatika, inayolingana na gia zako, pampu, vijiti vya kutolea tairi, firimbi, taa, na simu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa. Skrini iliyolowa haisikii kidole, kwa hiyo weka ramani wazi kabla ya mvua. Chupa ya maji iwe na kifuniko juu ya mdomo. Tope la njia za ng'ombe hurukia pale pale unapoweka midomo, na tumbo la kuhara la kesho yake hutokea hapo. Maji yenyewe ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Mvua yetu haiondoi joto, inaongeza unyevu, na jasho haliachi kutoka.

Kwa matope ya usoni, hapa kuna kinga ya gurudumu la mbele ya kutengeneza wenyewe. Chukua jerikeni la plastiki la lita 20 lililochoka. Kata ubavu wake ulio bapa, kipande cha sentimita 30 kwa 20. Upande mmoja upunguze uwe mwembamba wa kukaa kati ya miguu ya foki, upande wa pili ubaki mpana. Toboa matundu sita kwa msumari uliopashwa moto, mawili juu na mawili kila ubavu, uyapitishie kebo tai, vile vikanda vya plastiki vya kufungia, ufunge chini ya kichwa cha foki. Ukishafunga, zungusha gurudumu na upime nafasi: isipungue milimita 15. Ikiwa ndogo kuliko hapo, tope litajibana katikati na kinga yako itageuka breki. Piga msasa kingo zote zisikate waya. Jerikeni moja linatoa vipande vinne.

Sasa kuendesha. Teremsha kiti sentimita tatu hadi tano kabla ya mteremko usioujua. Pedeli bapa ni bora kuliko zile za kunasa kiatu, maana mfinyanzi huziba ule mnaso, ukashindwa kuingia au, vibaya zaidi, ukashindwa kutoka.

Funga breki ukiwa kwenye mstari ulionyooka, mahali pagumu, kisha achia kabla ya kona, kabla ya mzizi, kabla ya jiwe la kijani. Gurudumu linalozunguka hujishikia lenyewe, lililofungwa huteleza. Likiteleza la nyuma, nyonga zako zinaweza kulirudisha. Likiteleza la mbele, ujue umeshaanguka. Ndiyo maana kwenye utelezi wa mfinyanzi uzito wa mikono uwe mwepesi, viwiko vimekunjwa na kufunguka nje, macho mita kumi mbele. Mzizi uukate kama herufi T. Ukiupanda kwa mshazari, tairi litaufuata na wewe utaelekea mwituni.

Kupanda kwenye utelezi, wengi hukimbilia gia nyepesi kuliko zote. Hapo kila mkanyago unakuwa mshtuko na tairi la nyuma linazunguka bure. Chagua gia moja au mbili nzito zaidi, kaa kwenye ncha ya kiti, kanyaga kwa duara laini. Ukisimama juu ya pedeli uzito unalikimbia gurudumu la nyuma, nalo huanza kuchimba.

Dimbwi lililo katikati ya njia, pita katikati yake. Kulikwepa kunapanua njia, kunaharibu shamba la mtu pembezoni, na ukingo ndio unaoteleza zaidi. Lakini dimbwi la njia ngeni hulijui: simama, chomeka kijiti. Maji yakifika chini ya habu, kitovu cha gurudumu, na chini ni pagumu, weka gia ya kati kabla hujaingia, usibadilishe gia wala kufunga breki ndani, usiache kukanyaga. Yakizidi habu, beba baiskeli. Maji yakiingia kwenye beringi huondoa girisi, na utasikia mlio wa kusaga majuma mawili baadaye. Daraja la gogo la mnazi shukeni, hata liwe pana. Gogo lililolowa halina rafiki.

Mto unaokwenda ni habari nyingine, na hapa ndugu zangu sikilizeni kwa makini. Maji ya kasi yakipita goti, hamvuki. Maji yakiwa ya kahawia na mkasikia mawe yakigongana chini, hamvuki hata yakiwa chini ya goti. Mvua inaweza kuwa imekatika mlipo huku ile iliyonyesha vilimani ikiwa njiani, itawafikia baada ya saa nzima au zaidi. Chomekeni kijiti ukingoni mwa maji, mle matunda, msubiri dakika kumi. Maji yakikipita kijiti, mto unajaa, ondokeni bondeni.

Karibu na pwani kuna jambo ambalo wavuvi wanalijua kuliko sisi. Vijito vinavyoingia kwenye mikono ya bahari, upande wa Mwache na Tudor kwa mfano, hupumua na bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda zaidi ya mita tatu, na maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri. Mafuriko ya mto yakikutana na bamvua, maji hayana pa kwenda, na kivuko ulichopita saa nne asubuhi kikiwa kwenye kifundo cha mguu, saa kumi jioni kinakuwa ziwa. Tazameni kalenda ya maji kabla ya kupanga saa ya kurudi.

Tena, maji yaliyotuama ya Kwale yana kichocho. Msikae kuoga wala kunawa mabuti humo. Mkivuka, jifuteni mara moja kwa kitambaa kikavu, na kidonda chochote kioshwe kwa maji safi ya chupa. Mtu akikojoa damu majuma au miezi baadaye asione haya, aende zahanati. Dawa ipo na inatibu.

Radi: hesabu kutoka mwanga mpaka mlio. Chini ya sekunde 30, yaani kilomita kumi hivi, tafuteni nyumba au gari. Mnazi ulio peke yake na mbuyu uwanjani si pa kujificha. Baada ya mlio wa mwisho subirini dakika 30.

Nendeni watatu au zaidi, kwa sababu ambayo ni ya hesabu tu: mmoja akivunjika, mmoja anakaa naye, mmoja anafuata msaada. Firimbi mara tatu ni wito wa hatari. Namba za dharura ni 999 na 112, lakini mkiwa bondeni pandeni juu kwanza ndipo mpige. Mwachieni mtu nyumbani jina la kijiji mnachoanzia, mnachotokea, na saa ya kurudi. Saa hiyo mwihesabu hivi: chukueni muda wa kiangazi, muuzidishe mara mbili. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na nusu jioni, na chini ya mikorosho giza hutangulia. Mkiondoka saa moja asubuhi kwa njia ya saa nne za kiangazi, mtamaliza saa tisa mchana. Kama saa tano asubuhi hamjafika nusu ya njia, rudini kwa njia mliyokuja, kwa kuwa hiyo angalau mmeshaijua.

Mkirudi, msiipeleke baiskeli kwa mashine ya kuoshea magari. Mpulizo ule unasukuma maji na mchanga kupita mipira ya habu na ya mhimili wa pedeli. Ndoo mbili, sifongo na sabuni ya vyombo vinatosha. Anza na mnyororo mwisho wake uwe fremu, ukitumia sifongo tofauti. Chomoa kiti pamoja na bomba lake, pindua baiskeli kichwa chini, uone maji yatakayotoka ndani ya fremu, mtashangaa. Futa miguu ya foki inayong'aa, kausha, tia mafuta usiku huo huo. Huku kwetu upepo una chumvi, na mnyororo uliolala mbichi huamka mwekundu. Mafuta yasiguse diski ya breki.

Na jioni hiyo hiyo, kabla hamjasahau, andikeni kwa yule atakayefuata: tarehe, mvua ya mwisho ilinyesha lini, utepe wa udongo ulifika sentimita ngapi na wapi, maji yalifika wapi mguuni na saa ngapi. Mistari mitano inatosha. Tukiwa na karatasi kama hizo ishirini ifikapo Juni, tutakuwa na ramani ya masika ambayo simu haina.

Maswali tutayajibu tukiwa na kazi mikononi. Pale mezani kuna majerikeni matano, makasi mawili makubwa, jiko la makaa na misumari, kebo tai na msasa. Mwenye baiskeli ya magurudumu ya inchi 29 aje kwanza, kipande chake kinataka kukatwa kirefu kidogo.